Jina la Ba'mkubwa Kwenye Safu ya Wafu

Kwa mliochelewa kupanda, nawapa kwa ufupi. Mimi ni A-Chun, binti wa marehemu Lai Kiat-seng. Taipei nilikwenda na mume na duka la nguo, nikarudi na sanduku la nguo zilizokosa mnunuzi. Mume alibaki huko na msichana niliyemwajiri mwenyewe. Ba'mkubwa Bun-hiong, kaka wa baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, hakuniuliza swali hata moja. Alikwenda hekaluni kwa Bibi Mazu, mungu wetu wa bahari, hapa hapa mjini kwetu, akaniombea kazi. Nikapewa kiti cha karani.

Juma lililopita niliwaeleza jinsi Mwenyekiti Chhoa alivyonikabidhi lile faili la jedwali lenye majina ya waumini na namba zao za simu. Alitaka niliingize kwenye programu ya kutuma ujumbe kwa watu wote kwa mkupuo. Mwezi wa saba, mwezi wa marehemu, ulikuwa umeshaingia, na kila familia iliyolipia sadaka ya wafu wake mwaka jana ilitakiwa ikumbushwe ilipie na mwaka huu. Niliwaacha kidole changu kikiwa juu ya kitufe.

Basi, nilibonyeza.

Nikaenda zangu kuchemsha chai, najiona mjanja kweli. Maji hayajachemka, simu ya ofisi ikalia.

"Hekaluni hapo?" Ilikuwa sauti ya Mama Gim-hoa, muuza nyama ya nguruwe sokoni. "Nimekufa lini?"

"Ati nini, mama?"

"Nakuuliza wewe mtoto, nimekufa lini! Maana nipo hapa nakata mbavu, mteja kasimama mbele yangu, na simu yangu inasema roho ya Tan Gim-hoa imetengewa kiti kwenye karamu ya wafu. Halafu mnaniita kwa jina la mama mkwe wangu! Yule mwanamke kanitesa maisha yake yote, leo mnataka nikakae naye meza moja?"

"Mama, subiri kidogo, nakuangalizia..."

"Niangalizie haraka, kabla sijaoza!"

Nikaweka simu chini. Ikalia tena. Mwalimu mstaafu alitaka kujua kama lile ni kosa au ni dharau. Nikaweka. Ikalia. Safari hii alikuwa kijana. Mkewe ana mimba kubwa, ujumbe umemwita karamuni, na sasa kajifungia chooni analia.

"Dada, niambie ni utani," akasema. "Sitakasirika. Niambie tu ni utani."

Nikamwomba asubiri. Nilikuwa nimeshafungua faili.

Sasa nielezeni makosa yangu mkishanisikiliza. Faili lilikuwa na safu mbili za majina. Moja ya anayelipia, ambaye yuko hai. Nyingine ya anayelipiwa, ambaye ni marehemu. Lakini mstari wa juu kabisa, panapokaa vichwa vya safu, karani aliyenitangulia alijaza jina la hekalu kwa herufi kubwa kubwa. Programu ikadhani ndicho kichwa. Safu zenyewe zikabaki hazina jina, ikaniuliza mimi: ipi ni ipi? Baba na mwana ukoo wao mmoja, mtu utajuaje aliyekufa ni nani kwa kutazama jina?

Mimi macho yangu yamezoea ile karatasi ya manjano ya majina inayobandikwa madhabahuni. Tangu utoto naiona. Inasomwa kutoka kulia: marehemu kwanza, aliye hai baadaye. Nikapanga vivyo hivyo, safu ya kulia nikaiita ya wafu, ya kushoto nikaiita ya walio hai. Kumbe mwenzangu alichapa kama kompyuta inavyokwenda, kutoka kushoto. Wafu kawaweka kushoto.

Kwa hiyo nilikuwa nimeuzika mji mzima kwa kidole kimoja. Na wafu ndio niliowaandikia habari ya ndugu zao.

Halafu moyo ukanipasuka, pa! Ba'mkubwa!

Kila mwaka ndiye anayelipia sadaka ya baba yangu. Nikakimbiza macho kwenye jedwali mpaka nikaufikia mstari wake, nikaona alichotumiwa:

"Ndugu Lai Kiat-seng, mwezi wa saba umefika. Roho ya Lai Bun-hiong imetengewa kiti kwenye karamu yetu. Tafadhali thibitisha mapema."

Mkiniona nimepaliwa na mate, mjue kwa nini. Vali moja ya moyo wa ba'mkubwa imekauka, haifunguki vizuri. Alitakiwa alazwe siku ile ile saa tisa, na asubuhi yake apasuliwe. Na tulikuwa tumempata kwa taabu! Watu wazima kwetu hawakubali kisu mwezi wa saba, wakati ndugu wema wako barabarani. Ndivyo tunavyowaita wale wanaorudi kutoka kuzimu, ndugu wema. Neno lenyewe hatulitamki. Mimi na mama mkubwa, mkewe, tulimlilia mpaka akalegea. Daktari alikuwa ametuambia wazi: akiahirisha mpaka mwezi wa nane, huenda asiuone huo mwezi wa nane.

Nikanyakua kofia ya pikipiki. Mlangoni nikakumbana na Mwenyekiti Chhoa.

"Unakwenda wapi na mji unawaka?"

"Nyumbani, mwenyekiti. Ba'mkubwa naye ameupata."

"Sikiliza kwanza." Akaufunga mlango nyuma yake. "Tutasema ni matapeli. Wameingia kwenye mtambo wetu. Kila siku wanaingia benki, watashindwa hekalu?"

"Si matapeli, ni mimi. Niache nitume ujumbe mwingine tuwaombe radhi."

"Wee! Ukisema ni sisi, nani atatuletea tena jina la baba yake? Watasema hekalu hili halijui nani yuko hai na nani amekufa. Usikiguse kile kitufe, A-Chun. Ukikigusa, kesho usije."

Sikubishana naye. Nikampita kama upepo.

Nyumbani teksi ilikuwa mlangoni, imezimwa. Dereva alikuwa anakula karanga.

"Dada, mzee wenu ana nini?" akaniuliza. "Alitoka na begi lake, anacheka kabisa. Akatazama simu. Akarudi ndani."

Ndani, mama mkubwa alikuwa ameketi sakafuni anatoa nguo kwenye begi, moja moja, kama mtu aliyetumwa. Ba'mkubwa alikuwa amewasha udi mbele ya picha ya baba.

"Ba'mkubwa, teksi inasubiri."

"Mlipe aende."

"Hospitali wanakungoja."

"Na Kiat-seng ananingoja." Akanipa simu yake bila kugeuka. "Soma."

Sikuwa na haja ya kusoma. Na hapo, msomaji, nikafanya jambo ambalo hata leo linanichoma. Nilisema uongo wa mwenyekiti.

"Hao ni matapeli, ba'mkubwa. Wameingia kwenye mtambo wa hekalu. Mji mzima wametumiwa."

Akageuka, akanitazama usoni. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Tapeli huomba hela," akasema. "Huyu hajaomba kitu. Kaniita tu. Na wewe mwanangu, ukidanganya unajikuna shingo. Toka utoto."

Nikashusha mkono. Ulikuwa shingoni kweli.

Nikapiga magoti. "Ni mimi! Nilikuwa naingiza majina kwenye ile programu, nikakosea safu. Niliowaita wafu ndio walio hai. Hakuna aliyekuita, ba'mkubwa. Ni uzembe wangu, nipige, nitukane, lakini vaa viatu twende."

"Mungu wee!" Mama mkubwa akaruka kutoka sakafuni, anacheka na kulia. "Umesikia, baba? Ni mtoto kakosea! Ni huyu huyu mwenye mikono isiyoshika kitu! Viatu viko wapi? Haya, simama!" Na nguo akaanza kuzirudisha begini kwa mafungu.

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe nimeruka majivu, nimekanyaga moto.

Ba'mkubwa alikaa kwenye kiti, akavua miwani.

"Makarani wangapi wamepita pale hekaluni?" akauliza. "Hakuna aliyekosea hivyo. Amekuja binti wa Kiat-seng, damu yake mwenyewe, akaliweka jina langu na la baba yake kwenye mstari mmoja, akanitumia. Mwezi wa saba. Siku ninayokwenda kulazwa. Na unaniambia ni uzembe?"

"Ni uzembe, ba'mkubwa!"

"Kidole ni chako. Nani alikisukuma?"

Nikakificha kidole chenyewe kiganjani.

"Angekuwa tapeli," akasema polepole, "ningekwenda hospitali."

Mama mkubwa aliacha kupanga nguo. Nilimwona anavyonitazama, na sitaki kuwaelezea.

"Siku ile alinipigia simu kiwandani," ba'mkubwa akaendelea, anaitazama picha. "Akasema, kaka, nipitie twende wote. Nikamwambia, wewe tangulia. Akatangulia. Lori likamkuta njiani peke yake. Miaka yote hii anakaa karamuni kwa watu asiowajua. Sasa amenitengea kiti. Nimwambie nini tena, tangulia?"

Nililia. Kulia kwa sauti, kama mtoto. Nilimlilia baba, nikamlilia yeye, na katikati ya kilio nikawa natazama saa ukutani.

Ndipo likanijia la mwisho nililokuwa nalo.

"Basi tukamuulize Bibi."

Akageuka kutoka kwenye picha.

"Tangu lini umeanza kupita juu ya Bibi, ba'mkubwa? Hata mimi kuniombea kazi ulimuuliza kwanza. Leo baba yangu ana sauti kumzidi Bibi Mazu?"

"A-Chun!" mama mkubwa akanikemea, lakini nilimwona amenielewa. "Mtoto kasema kweli," akadakia. "Mara tatu mfululizo aseme ndiyo. Si ndivyo unavyofanya siku zote?"

Ba'mkubwa alifikiri. Akavaa miwani.

"Akisema niende, nakwenda," akasema. "Akisema hapana, msiniguse. Wala daktari asiniguse. Niahidini."

"Nakuahidi," mama mkubwa akasema.

Akanitazama mimi. "Nakuahidi," nikasema. Nilikuwa nimeuweka uhai wa mtu aliyenilea kwenye vipande viwili vya mbao vya kumuulizia Bibi.

Hekaluni tuliwakuta wafu wote uani, wamekasirika. Wa sokoni wako na aproni zao, mwalimu mstaafu ana ujumbe wake kauchapisha kabisa kwenye karatasi. Mwenyekiti Chhoa alikuwa amepanda kwenye kiti anawatuliza.

"Matapeli, ndugu zangu! Matapeli wa kimataifa!"

"Huyo hapo karani!" Mama Gim-hoa akaniona. Akanijia mkono juu, mkono uliozoea kupasua mifupa. "Eti ni matapeli? Sema!"

"Si matapeli, mama. Ni mimi nimekosea. Nisameheni wote."

Mwenyekiti akafumba macho. "Kesho usije," akasema kule juu ya kiti.

"Nimesikia."

Mama Gim-hoa mkono bado uko juu. Akamwona ba'mkubwa nyuma yangu, midomo imemgeuka rangi. Mkono ukashuka wenyewe.

"Na yeye mlimtumia?" akaninong'oneza.

"Na yeye. Leo ndiyo siku ya kulazwa. Amekataa mpaka amuulize Bibi."

"Pisheni!" akapiga kelele. "Pisheni, nyie, kuna mtu ana shida ya kweli hapa!"

Wakapisha. Tukaingia mpaka mbele ya Bibi. Ba'mkubwa alipiga magoti, mimi kushoto kwake, mama mkubwa kulia. Akachukua zile mbao mbili nyekundu, zilizochongwa kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine wenye mgongo. Akajitambulisha inavyopasa, jina lake, siku aliyozaliwa, mtaa anaokaa, ingawa Bibi anamjua kuliko mimi ninavyojijua.

"Bibi, nimeitwa na ndugu yangu," akasema. "Nami nimeambiwa nikapasuliwe. Niende kupasuliwa?"

Akarusha.

Moja ikalala chali, moja kifudifudi. Ndiyo!

Watu nyuma yetu wakaguna. Mama mkubwa alinishika vidole kwa nyuma ya mgongo wa mumewe, akavibana mpaka vikauma.

Akarusha tena. Moja ikazunguka zunguka kama haijui la kufanya, ikalala chali. Mwenzake kifudifudi. Ndiyo!

"Bado moja tu, mzee!" Mama Gim-hoa alishindwa kujizuia. "Bado moja, Bibi wetu, usituangushe!"

Nilikuwa naomba bila kupumua. Ba'mkubwa akaziokota mbao, akaziinua mpaka usawa wa kifua. Akaganda hapo. Nikadhani anaomba. Kisha nikaona jasho linamdondoka kidevuni.

"Ba'mkubwa?"

Aligeuza uso kwangu kama mtu anayetaka kuniuliza kitu. Mikono ikaachia. Akaanguka ubavu, na mbao zikaanguka mbele ya magoti yangu.

Niliziona. Nasema kweli yangu yote mbele yenu, niliziona kabla sijamshika yeye. Zote mbili kifudifudi, migongo juu.

Hapana.

Halafu watu wakatuvamia, miguu kila mahali. Mguu wa mtu ukazipiga zile mbao, zikateleza chini ya meza ya sadaka. Kuna walioinama kuzitafuta! Mtu amelala sakafuni, na wao wanatafuta mbao!

"Mtazameni mtu!" mama mkubwa akapiga ukelele. "Mtazameni mtu, nyie!"

Mama Gim-hoa ndiye aliyepiga simu ya gari la wagonjwa. Njia nzima nilikuwa najiambia neno moja: hakuzirusha, zilimponyoka. Zilimponyoka, kwa hiyo si jibu. Nikilifikisha mwisho, nakumbuka zilivyolala, naanza upya.

Hospitali hawakutuchelewesha. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alitoka na karatasi.

"Moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Tukimwingiza sasa hivi, ana nafasi. Tukingoja kesho, hana. Hajitambui, kwa hiyo nahitaji saini ya ndugu wa karibu. Mke ni nani?"

"Mimi," mama mkubwa akasema. Akapokea kalamu. Akaishusha mpaka kwenye karatasi. Ikakaa hapo.

"Mama?" daktari akasema.

"A-Chun." Hakunitazama. "Ya tatu ilisemaje?"

"Mama mkubwa, saini."

"Nakuuliza ya tatu ilisemaje. Nilimwahidi. Miaka yote ya ndoa sijamvunjia ahadi huyu mwanaume, nisianze leo akiwa hana mdomo wa kunijibu. Ulikuwa umepiga magoti pale pale. Uliziona?"

"Zilimponyoka tu, si..."

"Uliziona au hukuziona?"

Daktari alinitazama. Sidhani kama alielewa tunachozungumza, ila alielewa kuwa kila kitu kimesimama kwangu. Nikaibana mikono yote miwili katikati ya magoti, isije ikaenda shingoni.

"Niliziona," nikasema. "Moja chali, moja kifudifudi."

"Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Apa."

"Mama mkubwa, jamani, muda..."

"Apa kwa baba yako."

Mwezi wa saba hakuna anayeapa kwa marehemu. Wako karibu, wanasikia. Hata mtoto mdogo kwetu analijua hilo.

"Naapa kwa baba yangu, Lai Kiat-seng," nikasema. "Bibi alisema ndiyo mara zote tatu."

Mama mkubwa alilia kwa furaha. Alisaini huku anasema ahsante Bibi, ahsante Bibi, akanivuta kichwa akanibusu kwenye nywele. Daktari akainyakua karatasi, akapotelea nyuma ya milango. Nikaegemea ukuta. Nilijisikia mchafu, na nilijisikia nimeshinda, yote kwa pamoja.

Milango ikafunguka tena. Ni yule yule daktari, karatasi bado iko mkononi.

"A-Chun ni nani?"

"Ni mimi."

"Amezinduka." Mama mkubwa alitaka kukimbilia ndani, daktari akamzuia kwa mkono. "Mama, subiri. Akiwa na akili zake, saini yako haina kazi tena, neno ni lake. Na amegoma. Nimemwambia umekubali, nimemwonyesha saini. Anasema kuna jibu la tatu, sijui jibu gani, hakuwahi kuliona."

"Mwambie ni ndiyo!" mama mkubwa akasema. "Mwambie Bibi amekubali!"

"Nimemwambia unavyosema. Hataki kulisikia kutoka kwako wala kwangu. Anamtaka A-Chun. Anasema huyo hajui kumdanganya." Akanisukuma mgongoni. "Nakupa dakika moja, dada. Zaidi ya hapo sitakuwa na mtu wa kumpasua."

Nikaingia. Walikuwa wamemwekea mipira puani na kifuani. Alinisikia, akageuza kichwa kidogo kidogo, macho yake makavu kabisa. Akaunyoosha mkono, nikaushika, akauvuta na wangu wa pili, akaishika yote miwili juu ya shuka.

"Haya, mwanangu," akasema. "Zilianguka vipi?"